Mnaosuka ringi jioni kwa hela ya soda, mnaua kazi ya watu

Wakuu, hili limevumiliwa vya kutosha. Mtu ana ajira yake, mshahara unaingia, jioni anatoa spana na kusuka ringi ya nyuma ya baiskeli, yaani kupanga na kukaza spoku zake, kwa hela ya soda. Kesho yake mteja anaibeba bei hiyo hadi kwa fundi anayelisha watoto kwa spana hizo hizo, anamwita mwizi.

Kazi ya pembeni si kosa. Kosa ni bei inayojifanya mkono wa fundi hauna thamani.

Tuangalie kazi yenyewe. Ringi ya nyuma ya baiskeli ya mzigo, ile ya inchi 28, ina matundu 40. Spoku 20 kila upande wa habu, kile kitovu cha gurudumu: 10 zinavuta mbele, 10 zinavuta nyuma, na kila moja inapishana na nyingine nne kabla ya kufika kwenye ringi. Nati zote za spoku zinaanza kwa mizunguko sawa, kisha unakwenda robo robo ya mzunguko. Kwanza ringi iache kuruka juu chini, ndipo uondoe kucheza kushoto kulia, ndipo upime kama imekaa katikati ya fremu. Halafu unazibana spoku mbili mbili kwa viganja, gurudumu zima, unazisikia zikilia zinapojikalia, na unarudi kunyoosha upya. Fundi mzoefu asiyekimbizwa atatumia saa moja na nusu hadi mbili.

Nani anatoa saa mbili kwa soda? Hatua ya kubana ndiyo inayorukwa, pamoja na kukaza kwa kutosha, kwa sababu hazionekani. Ringi inazunguka vizuri mbele ya mteja, anaondoka ameridhika. Magunia mawili ya mkaa yakikaa kwenye keria, spoku zilizolegea zinapokea na kuachia mzigo kila mzunguko wa gurudumu, mpaka chuma kinachoka na kukatika pale kwenye kona, spoku inapoingia kwenye habu. Ikikatika moja, za jirani zinabeba mzigo wake, nazo zinafuata. Lawama zote zinaenda kwa "spoku feki".

Na mafundi wa kutwa msijifiche nyuma ya hili. Mteja akigoma kulipia mkono, yaani kazi ya fundi, mnaipachika hela kwenye vipuri: spoku mara mbili ya bei ya dukani, gololi za zamani zinaoshwa kwa mafuta ya taa na kurudishwa, mteja analipia mpya. Habu ya nyuma inakula gololi 9 za robo inchi kila upande, 18 jumla, mmejua hakuna atakayezihesabu. Huo ni wizi, hata kama njaa ndiyo imesukuma.

Vipuri vitajwe kivyake, mkono utajwe kivyake, kabla nati ya kwanza haijafunguliwa. Vilivyotolewa akabidhiwe mteja. Ringi mpya irudishwe kukazwa baada ya siku chache bila malipo mengine, maana inaweza kulegea kidogo.

Na wewe wa jioni, toza kama wa mchana. Ukitaka kumsaidia shemeji, msaidie bure, umwambie ni bure, na umtajie bei halisi asije akaenda kumtukania mtu.

Anayepinga aje na hesabu yake hapa: spoku ngapi, saa ngapi, shilingi ngapi.