Tupeane uzoefu: nidhamu ya mawasiliano kwenye miradi ya programu huria

Kitovu: Wakuu, uzi huu ni wa wanaosimamia miradi ya programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote) na wanaochangia msimbo. Wekeni kinachofanya kazi. "Tuheshimiane" kila mtu anaijua.

Mwashi_wa_Msimbo: Wengi hunakili Contributor Covenant, waraka wa kanuni za maadili ulio tayari kwa miradi kuutumia, halafu husahau kujaza anwani ya kupokea malalamiko. Hapo waraka wote hauna kazi. Weka anwani inayosomwa na watu wawili au zaidi, maana anayelalamikiwa anaweza kuwa msimamizi mwenyewe. Toleo la 2.0 lina ngazi nne: kusahihishwa, kuonywa, kufungiwa kwa muda, kufungiwa daima. Mkikaa kimya miezi kisha mkamfungia mtu ghafla, wengine wataona kaonewa.

Binti Kamusi: Ugomvi mwingi huzaliwa kwenye mapitio ya msimbo. "Hii ovyo" haimwambii mtu abadilishe nini. Taja mstari, kinachoharibika, na pendekezo: "Mstari wa 42, faili haifungwi kosa likitokea, ifunge kabla ya kurudisha jibu." Kisha anza kila maoni na neno LAZIMA au HIARI. Bila hivyo mgeni atahangaika kupanga nafasi za herufi huku hitilafu yenyewe ipo palepale. Mradi wa kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, ulikaa miaka na desturi ya ukali. Septemba 2018 mwanzilishi wake, Linus Torvalds, aliomba radhi hadharani, akapumzika kidogo, na mradi ukapata kanuni mpya za maadili.

Saa Tatu Usiku: Muda nao ni adabu. Kwenye Apache, shirika lenye miradi mingi ya programu huria, kura huachwa wazi angalau saa 72, ili aliye Nairobi na aliye California wote wasome wakiwa macho. Na anayepinga badiliko la msimbo kwa -1 (kura ya kukataa) lazima atoe sababu ya kiufundi, la sivyo pingamizi lake halihesabiki. Igeni hilo hata mkiwa watano.

Mwashi_wa_Msimbo: Msisahau kumlinda msimamizi. Kwenye xz, programu huria ya kubana data, akaunti zisizojulikana zilimsakama msimamizi mmoja aliyechoka kwamba ni mzembe, aongeze mtu. Aliyeongezwa ndiye aliyeingiza mlango wa siri uliogunduliwa Machi 2024. Andikeni kwenye README, faili la maelezo ya mradi, mnajibu ndani ya muda gani, na anayesakama mtu aonywe siku hiyo hiyo.

Kitovu: Na mjadala ukichafuka, kuufunga si kuziba watu midomo?

Binti Kamusi: Ni kuziba, ukiufunga kimyakimya. Acha ujumbe wa mwisho: umefungwa kwa nini, hadi lini, na nani ataufungua.