Kikundi cha familia: Ngoma ya Zuhura inatoroka

Mwanaidi: Kaka Juma, ukipata nafasi naomba unisaidie. Zuhura analia huku.

Kaka Juma: Nipo. Kuna nini?

Mwanaidi: Ule muziki wake wa lupu, vile vipande vya sauti vinavyojirudia. Jana alichukua ngoma na besi zilizomo kwenye programu, akazipanga vizuri tu. Leo anataka ngoma yake mwenyewe. Wamepiga meza yeye na Saidi, wakarekodi, akaiweka ijirudie. Anasema mwanzoni inakwenda sawa, halafu "inatoroka".

Mwanaidi: [ujumbe wa sauti 0:21]

Kaka Juma: Nimesikia. Kwanza kabisa mwambie hajakosea kupiga. Mkono wake uko kwenye mdundo. Tatizo ni urefu wa hicho kipande.

Kaka Juma: Programu imewekwa kasi gani? Tafuta namba, huwa iko karibu na kitufe cha kuchezesha.

Mwanaidi: 120

Kaka Juma: Hesabu naye, usimhesabie. Mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde. Baa moja hapo ina mapigo manne, kwa hiyo sekunde 2 kamili. Kipande chake kina urefu gani?

Mwanaidi: Imeandika 2.1

Kaka Juma: Ndiyo hiyo. Imezidi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ikipita mara moja sikio halishtuki. Ikishapita mara tano imechelewa nusu sekunde, yaani pigo zima. Ngoma ya programu inarudi kwenye "moja", meza yake bado iko kwenye "nne".

Mwanaidi: Hee! Amenyamaza. Anahesabu kwa vidole.

Faraji: Shikamoo mama mdogo, shikamoo mjomba. Programu nyingine hunyoosha kipande zenyewe kikae kwenye baa. Yake haina?

Kaka Juma: Marahaba. Hata kama inayo, leo asiiwashe. Akikata kwa mkono wake mara moja, atajua lupu ni kitu gani maisha yake yote.

Kaka Juma: Mwanaidi, mfungulie kile kipande, akikuze kwenye skrini mpaka lile wimbi la sauti lionekane kama vilima. Mwanzoni kuna mstari uliolala, hapo alikuwa ameshabonyeza kurekodi lakini hajapiga. Akate pale kilima cha kwanza kinapoanza kupanda. Si kileleni. Akikata kileleni, pigo la kwanza litakosa nguvu.

Mwanaidi: Sawa. Na mwisho je? Anauliza akate pale meza iliponyamaza?

Kaka Juma: Hapana, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Baada ya pigo la nne kuna ukimya, na ukimya huo ni sehemu ya mdundo. Warekodi upya, Saidi ahesabu, Zuhura apige mara tano badala ya nne. Lile la tano ni alama tu. Akate kabla tu halijaanza, abaki na manne na nafasi yake kamili.

Mwanaidi: Wameelewa haraka kuliko mimi. Wamekwenda chumbani, mezani kuna mwangwi wanasema.

Dada Rehema: Nimewasoma kuanzia juu. Niulize kwa nia njema: mtoto akibandika vipande vilivyopigwa na watu wengine, ametunga nini? Mimi ningempa kinanda kwanza ajue noti zake.

Kaka Juma: Dada, una hoja. Akiishia kubandika tu, hatafika mbali. Lakini Zuhura jana kabandika, leo kaomba ngoma yake. Nani alimwambia? Lupu ndizo zilizomfanya asikie kwamba kuna kitu kinakosekana.

Dada Rehema: Kwa hiyo?

Kaka Juma: Kwa hiyo mimi kwa watoto ninaweka sharti moja: kila traki, yaani kila wimbo, iwe na angalau sauti moja waliyoirekodi wenyewe. Kijiko kwenye kikombe, zipu ya begi, mlango. Na kinanda kije, hakigombani na hili.

Faraji: Halafu mama, huyo aliyeanza mambo haya hakuanzia kwenye kinanda. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio Ufaransa, mwaka 1948 alikuwa anatengeneza muziki kwa sauti za treni zilizorekodiwa kwenye sahani za santuri. Mfereji wa sahani ukifungwa ukawa duara, sindano hairudi wala haiendi, inazunguka palepale. Hiyo ndiyo lupu.

Dada Rehema: Treni!

Faraji: Treni. Na Zuhura ana meza.

Dada Rehema: Haya. Nimependa sharti la sauti moja ya kwao. Ila noti bado nazidai. Ile besi ya jana na kile kinanda kilichoingia katikati havikuwa kwenye kii moja, yaani havikutumia kundi moja la noti, niliumia sikio.

Kaka Juma: Kweli, nami nilisikia. Programu nyingi huandika kii pembeni ya jina la lupu, C au Am au vyovyote. Ngoma na makofi hazina shida hiyo, lakini besi, gitaa na kinanda lazima zikubaliane. Asiandikiwe lipi sahihi. Achezeshe besi na kinanda kimoja, kisha besi na kingine, aseme kipi kinakaa.

Dada Rehema: Hapo tumekubaliana. Kwa Saidi mdogo, mfungulieni ile Song Maker ya Chrome Music Lab. Ni bure, inafunguka kwenye kivinjari, hakuna kujisajili. Anajaza viboksi vya rangi na wimbo unajirudia wenyewe. Kwenye mipangilio mchague skeli, yaani ngazi ya noti, ile ya noti tano. Noti zake hazigombani sana, hata akijaza ovyo anapata kitu cha kusikilizika.

Mwanaidi: Asante dada, naifungua sasa hivi kabla hajamnyang'anya mwenzake simu.

Mama: Wanangu, hamjambo. Hayo madude ya masikioni watoto wasiyavae kutwa.

Mwanaidi: Shikamoo Mama. Hawavai, wanatumia spika ya simu.

Mama: Marahaba. Vizuri.

Kaka Juma: Shikamoo Mama. Umesema la maana. Shirika la Afya Duniani kwa watoto linashauri wasizidi desibeli 75 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na lupu ni hatari kidogo kwa hilo kwa sababu mtu husikiliza kitu kilekile mara hamsini na kila mara anaongeza sauti. Spika ni bora. Tena wote wawili wanasikia kitu kimoja, wanaweza kubishana.

Mwanaidi: Wamemaliza kukata. 2.0! Haitoroki tena, ameiacha ikazunguka dakika nzima anaitazama tu.

Mwanaidi: Ila kila inapojirudia kuna kitu kinafanya "tk".

Kaka Juma: Ni maungio. Amekata wimbi likiwa juu, linaporudi mwanzo linaruka ghafla na spika inatoa huo mlio. Asogeze mkato kidogo sana mpaka wimbi linapogusa mstari wa katikati. Au kama programu ina kufifisha, yaani kupunguza sauti polepole, afifishe mwisho kidogo mno.

Mwanaidi: Imekwisha. "tk" hakuna.

Mwanaidi: Sasa ameweka kila kitu. Meza, ngoma, besi, kinanda, makofi, gitaa, filimbi, zote kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Sikilizeni. [ujumbe wa sauti 0:32]

Faraji: Nilifanya hivihivi. Nilikuwa na lupu kumi na moja.

Kaka Juma: Kila mtoto hupita hapo, na usimfutie hata moja. Mwambie azizime zote, abaki na meza peke yake kwa baa nne. Sekunde 8. Atahisi ni ndefu mno, avumilie. Kisha aingize moja tu, asikilize, na ninyi wengine mseme mmesikia nini kimebadilika. Ikiwa hakuna aliyesikia tofauti, hiyo haihitajiki hapo.

Kaka Juma: Na kitu kimoja ninachokipenda kuliko vyote: kabla ya mwisho azime kila kitu kwa baa moja. Kimya. Halafu zirudi zote kwa pamoja.

Mwanaidi: Anasema kwenye kimya kile aweke sauti ya Bibi. Ile ya juzi, "Haya, njooni!"

Mama: Yangu mimi?

Dada Rehema: Akate vizuri basi, asije akatuletea "njoo" bila "ni".

Kaka Juma: Hapo asiifanye lupu. Mara moja tu.

Mwanaidi: Amekwisha kusema hivyo yeye mwenyewe, hata sijamsomea ujumbe wako.

*(baada ya chakula cha jioni)*

Mwanaidi: [faili la sauti 0:50] Zuhura anasema ni wao wawili, si wake peke yake.

Faraji: Meza peke yake mwanzoni inatisha kidogo. Nimeipenda sana.

Dada Rehema: Besi na kinanda vimepatana. Hongera zake. Kinanda anakuja kujifunza kwangu likizo, nimeshaamua.

Kaka Juma: Ile baa ya kimya, halafu Mama, halafu zote. Nimeirudia nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi.

Mama: Nimesikia nikiita. Na yule anayehesabu moja mbili tatu nne kabla meza haijaanza ni Saidi?

Mwanaidi: Ndiye, Mama. Kaka Juma alisema kila kilicho kabla ya pigo la kwanza kikatwe, lakini ametoa ile hesabu kwenye rekodi ya pili akaiweka mwanzo kabisa.

Mama: Msimkate.

Kaka Juma: Hakatwi, Mama.