Mrejesho: dada wa stendi amepata chumba

Wadau, niliuliza namna ya kumpatia chumba dada anayelala stendi na mtoto, hapa Dar, wakati wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita. Amepata, Mbagala. Mlivyoshauri, tulimfuata mama mwenye nyumba bila dalali, maana dalali huchukua kodi ya mwezi mzima. Chumba ni 40,000. Akakubali miezi mitatu, tukaandikishana mbele ya mjumbe. Mkataba uwe kwa jina la dada mwenyewe, siyo la mfadhili anayemlipia, la sivyo mfadhili akijitoa, dada anatolewa. Namna ya kuchangia umeme wa LUKU nayo iandikwe, ndiko ugomvi huanzia. Hatari kubwa ni kodi ya pili, miezi mitatu ikiisha: kwa hiyo dada anaweka 1,500 kila siku kwenye kibubu, na mwenzake aliyewahi kulala nje humpitia kila Jumamosi wakahesabu pamoja.