Ulinganisho: kiitikio cha ngano, utenzi, ala tupu au lugha ya kubuni kwa hadithi ya ufalme wa chini ya ziwa?

Gungu_Hadithi (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulinganishe. Kuna mchezo wa sauti wa sehemu 12, kila sehemu dakika 25, unaandaliwa hapa Kigoma. Ulimwengu wake ni wa kubuni: watu wanaishi chini ya Ziwa Tanganyika, na usiku wakitazama juu wanaona taa za wavuvi wa dagaa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri. Hizo ndizo nyota zao. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawatoki, kwa sababu mbalamwezi inashinda taa na dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo huko chini nyota hufa kila mwezi kwa siku kadhaa. Kuna mtoto anayezihesabu, na kila zikirudi zinakuwa pungufu.

Muziki unatakiwa ubebe mambo mawili: huzuni ya mama na mtoto, na historia ya ufalme wenyewe. Njia zilizo mezani ni wimbo wa kuitikia kama wa ngano, unaorudi sehemu mbalimbali. Utenzi unaoghaniwa na msimulizi. Ala tupu bila maneno, kila mhusika na sauti yake. Na nyimbo za lugha ya kubuni ya watu wa ziwani. Waimbaji ni 5, zeze 1, manyanga, maikrofoni 1. Mzigo mkuu ubebwe na ipi?

Isevya77 (Tabora)

Kuitikia, bila kusita. Hadithi za watoto za huku kwetu zimefanya kazi hiyo miaka yote: ndege anatua juu ya mti, anaimba siri, watu hawaelewi, anarudi anaimba tena, mara ya tatu mtu mmoja anashtuka. Maneno ni yaleyale, ila neno moja limebadilika, na hilo neno moja ndilo hadithi. Msikilizaji akishakariri wimbo, badiliko dogo linamchoma kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Kwa hadithi yako usitafute mbali. Mama anauliza, wote wanajibu:

*Nyota ngapi, mwanangu?*
*Saba, mama, saba.*

Sehemu ya 3 inakuwa "tano, mama, tano". Sehemu ya 7, "mbili". Hakuna haja ya msimulizi kusema ufalme unakufa.

Kosa la kawaida ni kuubadilisha wimbo mapema. Lazima usikike mzima, bila badiliko hata moja, walau mara tatu ndani ya sehemu mbili za mwanzo, na mara mojawapo watu wawe na furaha. Ukianza na huzuni hutakuwa na pa kwenda.

MsanifuMizani (Kigoma)

Isevya kagusa kitu kizuri pengine bila kukusudia. Namba za Kiswahili kuanzia moja hadi kumi zote zina silabi mbili, hata "nne" (n-ne), na mkazo uko silabi ya kwanza. Kwa hiyo "saba, mama, saba" na "moja, mama, moja" zina mizani (yaani silabi) 6 zilezile na lahani, ile sauti ya wimbo, haiguswi. Ungechagua kuhesabu kwa maneno mengine, kila badiliko lingekulazimisha kutunga upya.

Ila tazama mkazo kwenye swali. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: NYOta NGApi mwaNAngu. Ukiliimba kwa mapigo sita-sita, lenye nguvu ni la 1 na la 4. Panga hivi: NYO pigo la 1 na 2, ta la 3, NGA la 4, pi la 5, mwa la 6, halafu bari mpya (fungu jipya la mapigo sita) inaanza na NA (1 hadi 3), ngu (4 hadi 6). Mtu akianzisha bari ya pili na "mwa", itasikika "MWAnangu", na hakuna mama anayemwita mwanawe hivyo. Msikilizaji hataweza kueleza kosa liko wapi, ila atahisi wimbo umeandikwa na mgeni.

Mfano unaoonyesha hatari yenyewe ni neno "barabara". Mkazo kwenye "ba" ya pili ni njia ya kupita. Mkazo kwenye "ra" ya kwanza ni sawasawa kabisa. Pigo likikaa vibaya umebadilisha maana, si mapambo tu.

Kasi: mapigo makubwa 60 kwa dakika. Swali sekunde 4, jibu sekunde 4. Duru moja sekunde 8, na hiyo inatosha kabisa baada ya sehemu ya 3.

Historia ya ufalme lakini usiipe kuitikia. Hapo nipe utenzi.

Gungu_Hadithi

Asanteni. Utenzi nilishaanza, ubeti wa kwanza huu:

*Maji ndiyo dari yetu*
*Taa ndizo nyota zetu*
*Huzihesabu wenzetu*
*Usiku unapoingia*

MsanifuMizani

Mishororo mitatu ya kwanza iko sawa, mizani 8 kila mmoja na kina cha "-etu". Wa nne umezidi: u-si-ku-u-na-po-i-ngi-a, 9. Weka "Giza linapoingia", ni 8. Na hicho kina cha "-ia" sasa umejifunga nacho. Mshororo wa nne wa kila ubeti hadi mwisho lazima uishie hapo. Si adhabu hiyo. Msikilizaji anakisubiri, na siku mfalme anapouawa unaweza kukikata makusudi, ubeti uishie bila "-ia". Sikio linaanguka kama mguu uliokosa ngazi.

Isevya77

Nakubali uzuri wake, sikubali wingi wake. Ubeti mmoja una mizani 32, na kwa ghani ya wastani ni kama sekunde 14 ukihesabu pumzi. Beti 6 zinakaribia dakika moja na nusu. Mtu anasikiliza huku anasonga ugali; beti 15 za vita vya wafalme ambao bado hajawapenda, ameshapotea. Utenzi unaeleza vizuri, ila hauonyeshi mtu akivunjika. Kikomo kiwe beti 6, tena baada ya msikilizaji kuwa tayari na swali ambalo utenzi unalijibu.

MsanifuMizani

Beti 6 nakubali kwa sauti. Kwa kuandika ningegoma.

Bi_Kitete (Tabora)

Wanangu, naona mmeiruka lugha ya kubuni. Mwaionea.

Gungu_Hadithi

Shikamoo Bi Kitete. Tunakusikiliza.

Bi_Kitete

Marahaba. Lugha ya kubuni haifai kubeba hadithi, ila inafaa sana kubeba ugeni, na dunia ya kubuni bila ugeni ni kijiji cha jirani tu. Inaharibika kwa sababu moja: mtunzi anatupa silabi zozote zinazosikika tamu. Kwenye wimbo wa pili silabi zimebadilika tabia, na msikilizaji anajua hapa hakuna lugha, kuna kelele.

Tengeneza maneno 30, yasizidi 40. Vokali 4 zinatosha. Acha moja makusudi, kwa mfano "e", na usiivunje sheria hiyo popote, hata kwenye majina ya watu na milango ya mji wao. Weka kanuni moja ya wingi na moja ya kuita mtu kwa heshima. Neno litakaloimbwa kwenye nota ya juu lipe "a" au "o". Juu kabisa "i" inabana koo na wote watano watasikika kama filimbi.

Kisha chagua neno moja tu la kufundisha. Tuseme "lumoa" ndiyo nyota. Mtoto analitaja akionyesha juu, sehemu ya 1. Wavuvi wanazima taa, wazee wanalitamka taratibu, sehemu ya 2. Kufikia sehemu ya 5 ukiliimba peke yake, bila tafsiri, mtu wa Mwanga na mtu wa Ujiji wote wanalia kwa neno ambalo halipo duniani. Maneno mengine 29 yabaki ukuta na rangi.

Na hili nalisisitiza: usichukue Kiha wala Kirundi ukakigeuza kuwa lugha ya majini. Wenye lugha wapo, watasikia bibi zao wakifanywa viumbe. Isitoshe Kiha na Kinyamwezi ni lugha za toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Ukichukua neno la Kiha ukalivisha lahani yako, huenda umesema neno jingine.

Na ngoma vilevile. Mapigo ya ngoma za kifalme za Burundi, zile zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, kwa sikio la Kigoma yana maana tayari: ufalme, tena ufalme fulani. Ukiyaweka kwenye ikulu ya chini ya maji, msikilizaji ameshavuka mpaka.

Malagarasi (Kigoma)

Nyongeza ya ulimwengu wenyewe. Kina kirefu cha ziwa ni mita 1,470, lakini kuanzia kama mita 100 hadi 200 kwenda chini hakuna oksijeni, na mwanga wa taa haufiki huko. Ufalme uweke kwenye miteremko ya mawe karibu na ufuo, ambako maji ni maangavu. Halafu itumie sayansi kwenye muziki: sauti majini hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, hewani ni kama 340. Sikio letu linapata shida kujua imetoka upande gani. Basi watu hawa wanasikiana haraka ila hawajui nani yuko wapi. Ndiyo sababu wanaitikiana! Kuitika kwao ni kusema "niko". Hapo wimbo una sababu ya kuwepo ndani ya dunia yao.

Isevya77

Malagarasi umemaliza kazi. Wimbo wenye kazi ndani ya hadithi hauombi ruhusa. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, kati ya Tabora na Bagamoyo, waliimba njiani maana mzigo na mwendo vilihitaji pigo. Safari za watu wako wa ziwani zipe wimbo wa namna hiyo, na kila wakizidi kuchoka punguza kasi, usiongeze maneno.

Kibirizi_Sauti (Kigoma)

Niingie kwenye ala tupu na urekodi, maana ndiko mambo mazuri yanakofia.

Ala tupu: mbinu ya kumpa mhusika au jambo sauti yake maalumu, mtunzi Mjerumani Richard Wagner aliifikisha mbali sana kwenye opera (michezo ya kuimbwa) zake nne zilizoonyeshwa zote pamoja Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Yeye alikuwa na okestra na watu waliokaa kimya gizani. Wewe una zeze moja na msikilizaji ndani ya daladala. Usitengeneze sauti 12. Tengeneza 3: ya mtoto, ya nyota, ya mfalme. Kila moja nota 3 hadi 5, isizidi sekunde 4. Ukitaka kuonyesha badiliko, badilisha kitu kimoja tu: kata nota ya mwisho, au punguza kasi nusu, au mpe mtu aimbe kwa mdomo. Ukibadilisha vyote, hakuna atakayeitambua.

Waimbaji 5 wapange nusu duara, mita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye maikrofoni, mablanketi ukutani nyuma yao. Ukitaka umati, rekodi mara tatu, ila kila mara wabadilishane nafasi. Wakibaki palepale hupati watu 15, unapata watu 5 wanene.

Maneno yanapozungumzwa, muziki uwe chini yake kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 hadi 18. Zeze ukilisugua linakaa eneo lilelile la sauti ya mama. Lipunguze desibeli 3 au 4 kati ya hezi (kipimo cha unene na wembamba wa sauti) 2,000 na 4,000, hapo konsonanti zinapumua.

Mwangwi wa maji ndio unaoharibu kazi nyingi. Watu wanafunika sauti nzima, wanakata kila kitu juu ya hezi 800, maneno yanazama. Acha sauti ya mwimbaji kavu na safi. Hiyo ya kukata juu ya hezi 800 ifanye kwenye mwangwi wake tu, yaani mkia. Sikio litasikia maji na neno pia.

Mwisho, spika ya simu ndogo haitoi karibu chochote chini ya hezi 200. Ngoma nzito uliyoipenda kwenye spika kubwa haitakuwepo. Kama pigo lina habari, liandamanishe na manyanga. Na faili litume WhatsApp kama waraka. Ukilirekodi upya kama ujumbe wa sauti linabanwa na zeze linakuwa nyuki.

Gungu_Hadithi

Nimebadilisha mpango: kuitikia kunabeba mama na mtoto, utenzi beti 6 kwenye sehemu ya 4, "lumoa" kama alivyoelekeza Bi Kitete, sauti 3 za zeze. Limebaki swali la sehemu ya 12. Mama hayupo tena. Mtoto anauliza yeye, "Nyota ngapi, mama?" Nani aitikie?

MsanifuMizani

Hesabu mizani kwanza. "Mwanangu" ni tatu, "mama" ni mbili, pigo la 6 linabaki tupu. Usilijaze. Hapo ndipo mtoto avute pumzi.

Bi_Kitete

Asiitike mtu. Jibu siku zote lilichukua sekunde 4, basi kimya kiwe sekunde 4 kamili, maji yakiendelea kusikika. Kikiwa 2, watadhani mwimbaji amechelewa. Kikiwa 7, watadhani faili limekatika. Kwa 4 kila msikilizaji ataimba mwenyewe kichwani, na atalazimika kuchagua namba.