"Let's table it": mikataba ya madereva inajadiliwa au imewekwa kiporo?

Mama_Njiro: Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri wa haraka, hasa mliofanya kazi na Wazungu wa nchi tofauti. Nipo Arusha, shirika letu makao makuu yako Marekani. Leo kwenye kikao cha mtandaoni nimeuliza kuhusu mikataba ya madereva, inaisha mwisho wa mwezi huu. Mkurugenzi akasema "Let's table it", akahamia ajenda nyingine. Kikao kijacho ni Alhamisi. Mwenzangu mmoja anasema niandae waraka, suala linaletwa mezani. Mwingine anasema limetupwa kapuni. Madereva wana familia na wananiuliza kila asubuhi. Nishike lipi?

Mzee_wa_Hansard: Dada, kwa Kiingereza tulichofundishwa sisi, "to table" ni kuleta jambo lijadiliwe. Waingereza ndivyo wanavyosema, na Bunge letu limerithi hukohuko: soma Hansard ya Dodoma, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, utakutana na hati zilizowasilishwa mezani. Andaa waraka.

Mbongo_Ughaibuni: Subiri kwanza mzee wangu. Huyo mkurugenzi ni wa wapi? Mimi nipo Marekani, na huku neno hilohilo ni kinyume kabisa: liweke pembeni, tutalirudia. Na mara nyingi halirudiwi.

Mama_Njiro: Ni Mmarekani.

Mbongo_Ughaibuni: Basi hapo limewekwa kiporo.

Mwalimu_Mstaafu: Wala msibishane, wote mko sahihi, kila mmoja kwa upande wake wa Atlantiki. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, anasimulia kisa hiki katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili. Maofisa wa Uingereza walikuwa na waraka wa dharura, wakawaambia wenzao wa Marekani wanataka "to table it". Wamarekani wakaelewa waraka unakwenda kufungiwa kwenye droo. Wakabishana sana, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walitaka kitu kilekile. Ukifanya kazi na Wakanada ndiyo uwe makini zaidi, kwao utasikia maana zote mbili.

HR_Mkongwe: Dada, maana umeshaipata, ila bado una tarehe inayokukimbiza. Bosi ameahirisha bila kukumbuka kuwa mikataba inaisha, na hilo ni jukumu lako kumkumbusha. Mwandikie usiku huu, kwao bado ni mchana. Usimuulize alimaanisha nini. Mwambie mikataba inaisha tarehe fulani, ikipita hiyo magari hayana wa kuyaendesha, hivyo unaomba uamuzi Alhamisi. Neno "table" usiliguse kabisa, andika "discuss and decide". Waraka andaa vilevile, ukurasa mmoja unatosha.

Mama_Njiro: Asanteni sana. Na madereva niwaambie nini kesho?

HR_Mkongwe: Waambie umeshaomba uamuzi kwa maandishi na unasubiri jibu. Alhamisi usiwaahidi mpaka bosi athibitishe.