Majirani Chuno: simu mpya au betri mpya?

Mama Zuhura 19:04
Habari za jioni majirani. Swali kwa wanaojua simu. Samsung S21 ikifika 25% inazima ghafla. Ukichomeka chaja inawaka, inaonyesha 22%. Baba Zuhura anasema malipo ya korosho yakiingia tuchukue S25 Ultra. Ni sawa au tunatupa hela?

Baba Nasra 19:06
Chukueni tu. Korosho yenyewe inakuja mara moja kwa mwaka 😂

Fundi Seif 19:11
Mama Zuhura, simu haina ugonjwa, betri ndiyo imechoka. Betri ikizeeka ukinzani wake wa ndani unapanda. Ukifungua kamera, au ukipiga simu mahali mtandao ni hafifu, simu inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri changa inastahimili. Iliyochoka volti zinaporomoka hapo hapo na simu inajizima kuilinda bodi. Ndiyo maana 25% bado ipo lakini haitumiki.

Fundi Seif 19:12
Betri yake namba EB-BG991ABY, 4000 mAh. Hiyo ni ya S21 ya kawaida. Plus na Ultra zina namba zao, haziingiliani.

Mama Zuhura 19:13
Na nitajuaje kama sikuuziwa feki?

Fundi Seif 19:20
Ukiona umbo ni lile lile lakini imeandikwa 5000 au 6000 mAh, achana nayo, huo uwezo hauna pa kukaa. Angalia tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa dukani miaka mitatu kwenye joto la huku imeshazeeka hata kama haijatumika. Halafu mwambie fundi aipime na mita kabla hajaifunga. Nzuri iliyotulia huwa karibu volti 3.8. Iliyoshuka chini ya 3 usiikubali.

Simu ipelekwe ikiwa na chaji chini ya robo, maana betri iliyojaa ikitobolewa inawaka moto vibaya zaidi. Mgongo wa S21 ni plastiki, umebandikwa kwa gundi. Unapashwa joto taratibu mpaka gundi ilegee, unafunguliwa kwa kadi ya plastiki. Zinatoka skrubu za nyota, koili ya chaji ya hewani na spika ya chini. Fleksi (waya bapa) ya betri ichomolewe KWANZA kabla ya fleksi nyingine yoyote. Wanaoruka hapo ndio wanaunguza kioo au bodi. Betri yenyewe ina gundi kali, inadondoshewa spiriti ya isopropili ya 99% pembeni, unasubiri kidogo, unainua kwa plastiki. Ukiona fundi anaichokonoa na bisibisi, mnyang'anye simu.

Mama Zuhura 19:22
😳 Sawa fundi. Sasa nikibadili betri itanisogeza mpaka wapi?

Mwl. Mchopa 19:29
Hapo naomba niingie. Simu za bei kubwa siku hizi hazizeeki kwa kasi, prosesa ya 2021 inafungua WhatsApp, M-Pesa na YouTube bila kulalamika. Zinazeeka kwa apdeti. S21 ilitoka Januari 2021 na Android 11, ikaahidiwa matoleo manne, kwa hiyo kituo chake cha mwisho ni Android 15. Apdeti za usalama ziliahidiwa miaka 5, na hiyo miaka ndiyo inakatika 2026.

Haina maana itakufa. WhatsApp yenyewe inakubali hata Android za zamani zaidi ya hiyo. Ila kuanzia hapo tundu jipya la usalama likigunduliwa hakuna wa kulizibia kwenye simu yako. Kwa mtu anayefungua akaunti ya benki kwenye simu, mimi ningesema betri mpya sasa, simu nyingine baada ya msimu mmoja au miwili. Na katika muda huo usisakinishe faili lolote la APK (programu isiyotoka Play Store) linalorushwa kwenye makundi, hata likiitwa kadi ya mwaliko wa harusi.

Baba Nasra 19:31
Kwa hiyo jibu bado ni S25 Ultra, mnazunguka tu

Mwl. Mchopa 19:38
Hapana Baba Nasra. Kabla ya 2023 aliyenunua simu ya bei ndogo mara nyingi alikuwa ananunua simu ya apdeti za miaka michache. Pixel 8 ilipotoka Oktoba 2023 Google waliahidi miaka 7. Januari 2024 Samsung wakafuata na S24, miaka 7 vilevile, yaani mpaka 2031. Mwisho wa 2024 ikaja Galaxy A16, simu ya bei ya chini, nayo ina ahadi ya miaka 6. Sababu kubwa ya kulipa bei ya Ultra ilikuwa umri. Sasa umri unauzwa hata kwenye A.

S24 ya kawaida iliyotumika kidogo inakwisha mwaka mmoja tu kabla ya S25 Ultra. Huo mwaka mmoja msiulipe bei ya pikipiki.

Bi Somoe 19:40
Wanangu mimi hizo namba sizijui. Nataka simu inayokaa na chaji na maandishi nione

Fundi Seif 19:41
Shikamoo bibi. Wewe A16 inakutosha kabisa. Betri 5000, kioo kikubwa, na maandishi tutakukuzia. Usikubali kuuziwa ya memori 4, chukua 6 au zaidi.

Bi Somoe 19:41
Marahaba mwanangu

Halima Studio 19:47
Naomba niwatetee wanaonunua za bei 😄 Kwa anayerekodi harusi tofauti ipo na inaonekana. Ukumbini usiku, taa za rangi zinazungukazunguka, bwana harusi anaingia kutoka gizani. Kihisi kikubwa cha kamera kinabaki na rangi ya ngozi, kidogo kinaleta chengachenga. Na ukivuta picha kutoka nyuma ya ukumbi, lenzi halisi ya kuvutia haifanani na ile ya kukata picha katikati na kuikuza.

Lakini hapo angalieni mambo ambayo muuzaji hasemi. Video ya 4K ya fremu 60 kwenye iPhone inakula kama MB 400 kwa dakika. Saa mbili ni GB 48. Simu ya GB 128 ikishabeba mfumo na picha za zamani, sherehe ya pili haiingii. Halafu kuhamisha: iPhone 15 na 16 za kawaida zina tundu la USB-C lakini mwendo wa waya ni ule wa zamani wa USB 2. GB 48 ni zaidi ya robo saa hata mambo yakienda vizuri. Pro ndizo zina mwendo wa kasi, na waya wake unanunua mbali, ule wa kwenye boksi ni wa polepole.

Halima Studio 19:49
Na kama kazi ya kamera ni kurushia status, Ultra mnaitesa bure. WhatsApp inaibana picha ya simu ya milioni tatu na ya simu ya laki tano zikafanana. Anayetaka picha ifike kama ilivyo aitume kama dokumenti, inakubali faili hadi GB 2.

M/kiti Mtaa 19:50
Samahani kwa kukatisha. Kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usafi saa 1 asubuhi, kila kaya ije na jembe au fagio. Mitaro ya upande wa barabara tuanze nayo.

Baba Nasra 19:51
Tumepokea mwenyekiti

Shaibu Boda 19:55
Fundi, kuna iPhone 14 Pro Max ya Marekani inatoka Dar, bei imeshuka vizuri. Vipi hiyo?

Fundi Seif 20:04
Ya Marekani kuanzia 14 haina sehemu ya kuweka laini kabisa mdogo wangu. Ni eSIM tu, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu. Ndiyo maana bei imeshuka. Kabla ya kutoa hela nenda duka la mtandao unaotumia, waulize kama watakuhamishia laini yako kwenye eSIM na wanadai nini. Siku simu ikianguka kwenye zege ukiwa Tandahimba, huwezi kuchomoa laini ukaiweka kwenye kitochi upokee hela ya mteja. Kwa mtu wa boda hilo ni kubwa kuliko kamera tatu.

Kama bado unaitaka, fanya hivi mbele ya muuzaji. Piga *#06#, chukua IMEI yenye tarakimu 15, itume kwa ujumbe kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu gani. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoshika, rudisha. Ingia Settings, General, About. Kwenye Carrier Lock iandikwe No SIM restrictions, vinginevyo imefungwa na kampuni ya huko Marekani. Kwenye ukurasa huo huo, pakiwa na Parts and Service History soma. Kioo au betri ikiandikwa Unknown Part, imeshafunguliwa na kilichowekwa huenda si halisi. Sio lazima uikatae, ila bei ishuke.

Betri, angalia Battery Health. Apple wenyewe wanahesabu 14 kurudi nyuma kubaki na 80% baada ya mizunguko 500 ya chaji. Za 15 kuendelea ni mizunguko 1000. Kwa hiyo 14 yenye 82% ihesabie na bei ya betri.

La mwisho na kubwa: muuzaji atoe akaunti yake ya iCloud palepale, simu ifutwe, iwashwe upya ukiwa umeishika. Ikiuliza nenosiri la mtu mwingine, hilo ni tofali la kujengea.

Mwl. Mchopa 20:07
Shaibu, na usiifunge kwenye usukani wa pikipiki. Apple walitoa tahadhari 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera zenye kidhibiti mtikiso. Ndani mna lenzi au kihisi kinachoelea kwa sumaku. Kikilegea, picha zinacheza na kamera inatoa mlio wa kugongagonga. Simu ndogo isiyo na kidhibiti hicho ndiyo ya kufunga hapo.

Shaibu Boda 20:08
Duh. Kumbe ya kazi iwe kimeo na ya kutambia ibaki mfukoni 😂

Mama Zuhura 20:10
Na hizi zinazosemwa haziingii maji? Baba Zuhura anaisifia sana hiyo, maana anaenda na watoto ufukweni

Fundi Seif 20:19
Hapa ndipo watu wa pwani tunapigwa. IP68 ni kipimo cha maabara, kwa maji baridi yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Samsung wanasema mita 1.5 kwa nusu saa. Bahari haimo. Na ule mpira na gundi vinachakaa kwa joto. Simu ikishafunguliwa mara moja bila gundi mpya ya mgongo, hesabu haina kinga. Nikifunga S21 yako, hata nikiweka gundi mpya, ichukulie kama inaingia maji.

Chumvi haihitaji hata simu izame. Hewa ya huku peke yake inatosha. Vumbi la mfukoni linajazana kwenye tundu la chaji, linashika unyevu wenye chumvi, umeme ukipita pini zinaota kutu ya kijani. Dalili: chaji inaingia ukiilaza upande mmoja tu, au simu inaandika kuna unyevu kwenye tundu wakati ni kavu. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha MTI, kwangua vumbi taratibu, usiguse ulimi wa katikati. Kisha brashi laini yenye spiriti ya 99%, iache ikauke kabla ya kuwasha. Sindano na pini marufuku. Simu nyingi zinazoitwa zimekufa sistimu chaji hazihitaji zaidi ya hapo.

Ikidumbukia baharini: zima, isuuze haraka kwa maji baridi ya bomba ili chumvi itoke, ifute, tundu litazame chini, mahali penye upepo. Usichaji kwa saa kadhaa, ikiwezekana mpaka fundi aifungue. Mchele hausaidii, unaingiza unga na chembe kwenye tundu.

Baba Nasra 20:21
Kusuuza simu tena jamani 😂😂

Fundi Seif 20:22
Maji ya bomba yanakauka. Chumvi haikauki, inabaki inakula shaba.

Baba Nasra 20:25
Haya basi, dukani kuna moja mpya boksi, memori 16, bei nusu ya Samsung. Mnasemaje?

Mwl. Mchopa 20:31
Soma maandishi madogo pembeni ya boksi. Utakuta 8+8, au hata 4+8 ikiuzwa kama 12. Namba ya kwanza ndiyo memori halisi. Ya pili ni nafasi inayokopwa kwenye hifadhi ya ndani, ambayo ni ya polepole mara nyingi zaidi. Kwenye simu za bei ya chini hifadhi yenyewe mara nyingi ni eMMC, aina ya polepole, basi inakwama zaidi badala ya kwenda mbio. Zima hicho kipengele kwenye mipangilio, na acha walau asilimia 10 hadi 15 ya hifadhi iwe tupu. Kisha uliza apdeti ni za miaka mingapi. Muuzaji akibabaika, jibu ni chache.

Mama Zuhura 20:34
Nimeelewa. Nabadili betri. Msimu ujao tutaangalia S24. Baba Zuhura kasoma yote, kanyamaza.

Fundi Seif 20:37
Betri ikishaingia, kwenye Settings, Battery, washa Battery protection iishie 80%. Kinachoua betri huku ni joto na kukaa imejaa usiku kucha chini ya mto. Ukisafiri unaweza kuizima ijae yote.

Chaja tumia yenye PD (mfumo wa kuchaji haraka kwa USB-C) ya wati 25. S21 haikuja na chaja kwenye boksi, wengi wanachajia vichwa vya mitaani vinavyochemka. Na hiyo S25 Ultra nayo haina chaja ndani, ya wati 45 unanunua mbali. Sijui kama Baba Zuhura aliihesabu hiyo.

Mama Zuhura 20:38
Hakuihesabu 😅 Jumatatu asubuhi nakuletea

Fundi Seif 20:39
Kabla hujaja hifadhi WhatsApp yako. Chats, Chat backup. Kama GB 15 za Google zimejaa haitapanda, futa video za makundi kwanza. Hili kundi peke yake lina video za mnada wa tangu mwaka jana.