Dogo ana Div One anaomba Marekani, hela kidogo tuliyonayo tuiweke wapi?

Kibosho_Juu: Habari za mchana wakuu. Dogo wangu kamaliza fomu six anataka vyuo vikubwa vya Marekani. Tumejichanga tumefika laki tisa, sasa nyumbani hatuelewani, mimi nasema tuition ya SAT (ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) Arusha mjini, mama anataka tumlipe mtu amjazie fomu, mwenyewe anataka akajitolee kituo cha yatima apate cheti. Kipi kitambeba?

Mwl_Pasua: Umeruka mambo mkuu. Kombi gani, pointi ngapi, ada mnalipa au anaomba msaada?

Njiro_Block: SAT, msizunguke. MIT walirudisha sharti la SAT 2022, Harvard na Dartmouth wakatangaza 2024. Shule yake kule hawaijui, alama ya SAT wanaijua.

Mwl_Pasua: Kweli aifanye, ila wenye alama hizo ni maelfu na Harvard wanachukua chini ya 5 katika kila 100. Lazima awe na kitu chake.

Kibosho_Juu: Samahani, PCM, Div One ya 4. Ada hatuna kabisa, mzee alishatangulia. Kitu chake ndo hana, akiwa nyumbani anashinda na wazee wa mfongo tu, ule mfereji wa maji wa kijiji.

Mwl_Pasua: Anafanya nini mfongoni?

Kibosho_Juu: Ana kaunta buku anaandika kila nyumba imefungulia maji saa ngapi, imefunga saa ngapi. Kachomeka na kijiti kakichora mistari kwa peni apime kina. Wazee wakigombea zamu wanamuita alete daftari. Tangu fomu three.

Mwl_Pasua: Halafu unasema hana kitu! Achana na cheti cha wiki mbili, vile wanavyo wengi. Kwenye Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, kuna nafasi 10 za shughuli, si lazima ajaze zote, na insha mwisho maneno 650. Aandike hilo daftari, aandike mwenyewe.

Dada_Majengo: Mama asikie hili la kulipa mtu. Binti yangu tulimlipa jamaa mmoja laki nane, insha akaandika yeye, kwamba binti kakulia nyumba ya udongo anabeba ndoo kilomita sijui ngapi, na sisi bomba liko uani na binti alikuwa anashona sare za nusu ya mtaa, hilo hakuligusa hata kidogo. Siku ya usaili kwa video akaulizwa asimulie kwao. Akanyamaza. Hakujua aseme ukweli au ya kwenye insha, nilikuwa mlango wa pili nasikia ule ukimya, mpaka leo unaniuma. Vyuo vyote vikakataa, jamaa simu hapokei.

Njiro_Block: Pole sana dada. Lakini daftari bila SAT nzuri nalo ni bure.

Mwl_Pasua: Na msaada wa ada uangaliwe. Vyuo vingi mgeni akiomba hela nyingi nafasi inapungua. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth hawaangalii hilo wakati wa kuchagua, ila vinagombaniwa na dunia nzima.

Mzee_Sakina: Vijana, kwani UDSM ina nini? Dirisha la mkopo HESLB lisimpite akisubiri Marekani.

Dada_Majengo: Binti yangu yuko UDSM sasa mzee, anasoma vizuri.

Njiro_Block: Aombe kote, kuna ubaya gani?

Kibosho_Juu: Nimemsomea mama ya dada Majengo, kakaa kimya. Dogo anasema kaunta buku la fomu three lililowa mvua, kurasa zingine hazisomeki. Anauliza akilipiga picha hivyo hivyo watalikubali?